Mwaka Mpya Kila Asubuhi

Mjini kuna kompyuta mpakato zinazosherehekea mwaka mpya kila asubuhi. Ukiiwasha mojawapo, kabla haijakuonyesha ile picha ya ziwa na milima, inatoa skrini nyeusi yenye maandishi meupe: saa na tarehe hazijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Mwenyewe anabonyeza F1 bila kusoma, kwa mkono uleule anaofukuzia nzi kwenye chai, na mashine inaingia kazini ikiamini kwa dhati kwamba leo ni tarehe 1 Januari ya mwaka fulani uliokwisha kusahaulika. Akifungua tovuti ya benki, kivinjari kinamkatalia: hati ya usalama ya tovuti hiyo imetolewa mwaka ambao, kwa hesabu ya mashine, bado haujafika, na hakuna mlinzi mwenye akili timamu atakayepokea kitambulisho kilichotolewa kesho kutwa. Barua aliyoiandika asubuhi hiyo haionekani juu ya orodha; imezama chini kabisa, chini ya barua za miaka mingi nyuma, kwa kuwa kwa tarehe yake yenyewe ndiyo kongwe kuliko zote. Hapo mwenye mashine anatoa hukumu ambayo haijawahi kukatiwa rufaa: imeingia virusi.

Sipingi kuwapo kwa virusi. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya misukosuko tunayowabambikia virusi, mtandao, umeme na jicho baya la jirani ni majibu tuliyoyatoa wenyewe, kwa kubonyeza "Endelea", katika dakika kumi za kwanza za kuishi na mashine. Kompyuta mpya, au ya mtumba iliyosafishwa, huuliza, waziwazi au kupitia mipangilio yake, mambo machache: uko wapi, saa hizi ni saa ngapi, unaandikia kibodi gani, nikiamka nianze kusoma wapi. Ni maswali ya mjumbe wa nyumba kumi, si ya mtihani wa taifa. Nasi tunayajibu kama tunavyojibu "habari za nyumbani": nzuri tu, hata kama paa limeezuliwa usiku. Jirani anayekusalimu hatakuja kudai ushahidi wa hiyo nzuri. Mashine inaliandika jibu lako na kulifanyia kazi miaka mitano.

Ugonjwa huu una umri. IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, haikuiwekea saa ya betri. Kila ilipowashwa, mfumo wa DOS ulimuuliza mwenyewe leo ni tarehe ngapi na sasa ni saa ngapi, na asipojibu ukarudi kwenye mwanzo wa kalenda yake, Jumanne, tarehe 1 Januari 1980. Watu waliosoma, waliovaa tai, waliolipwa kwa kazi ya akili, walibonyeza Enter mara mbili wakaendelea na shughuli zao. Ndiyo maana diski za zama zile zina mafaili yaliyozaliwa Jumanne hiyo moja, utadhani siku ile dunia nzima ilikaa chini kuandika barua. Mwaka 1984 kampuni ilitoa toleo lenye saa yake na betri ya kuilisha hata umeme ukizimwa, na swali likaondoka. Kwenye mashine nyingi zilizofuata kazi hiyo ikaja kufanywa na betri mfano wa sarafu, CR2032, ambayo jina lake ndilo kipimo chake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Bei yake haifiki ya sahani ya chipsi mayai. Inakaa gizani miaka mingi ikimjibia mtu swali asilotaka kulijibu, na siku ikichoka, swali la mwaka 1981 linarudi lilivyo, nasi tunarudi na jibu la mwaka 1981. F1.

Atatokea msomaji aseme kwamba siku hizi saa inajirekebisha yenyewe kwa intaneti. Inajirekebisha, ila ina masharti kama mkwe. Windows ya nyumbani, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikikuta tofauti inayozidi saa 15 haikubali kusahihishwa kimyakimya, kwa kuwa inashuku anayeipa habari hiyo ni mwongo. Ukikosea kwa dakika tano itakusaidia. Ukikosea kwa miaka kumi na tano inakuachia mwenyewe. Huo ni utaratibu wa busara kabisa, na hauna faida yoyote kwa yule anayeuhitaji zaidi.

Tena saa bila mahali ni nusu ya habari. Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi zilianza maisha ya kazi Ulaya, na zikifika huku mwili umehama, moyo bado uko London. Ni saa tatu asubuhi, mashine inaandika 06:00. Badala ya kuiambia kwamba imehama, mwenyewe anaisogeza kwa mkono hadi 09:00. Sasa mashine inaamini iko palepale London, ila London yote imewahi kwa saa tatu. Akituma barua pepe kwa programu iliyomo humo, mwenzake wa Nairobi anaipokea ikiwa imeandikwa saa sita mchana, na saa sita yenyewe haijafika. Ikionja intaneti, mashine inajirudisha kwenye 06:00, anaisogeza, inajirudisha, wanavutana wiki nzima kama mtu na mbuzi wa sikukuu. Akizima ule usahihishaji wa mtandaoni anadhani ameshinda. Halafu inafika Jumapili ya mwisho ya Machi, Uingereza inasogeza saa mbele ili ifaidi jua la kiangazi, na mashine iliyoko Dodoma, digrii sita tu kusini mwa ikweta, ambako jua halijawahi kuchelewa kiasi cha kuandikiwa barua ya onyo, nayo inasogeza. Mwenyewe anaingia kazini Jumatatu akikuta saa imeruka usiku bila kuguswa na mtu. Ukiwa hujui habari za kiangazi cha Waingereza, maelezo yaliyobaki ni mawili, virusi au majini, na majini hayana programu ya kuyafuta.

Dawa ni mstari mmoja kwenye orodha ya kanda za saa, na hapo Mtanzania anakutana na mtihani wa uzalendo. Windows imeandika "Nairobi", basi. Anatafuta Dar es Salaam, haipo. Anatafuta Dodoma, haipo. Majirani wengine walio saa tatu mbele ya saa ya dunia ni Baghdad, Riyadh na Moscow, na mtu mwenye uchungu na nchi yake anaweza kuona heri aishi kwa saa ya Moscow kuliko kumpa mtani wake ushindi huo. Na itamfaa, maana Moscow nayo haijaigusa saa yake tangu mwaka 2014. Mashine haina habari na utani wa jadi. Inachotaka kujua ni ijumlishe saa ngapi. Lakini Mswahili ana mzigo wa ziada hapa ambao Mrusi hana. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na kona ya skrini inaanza usiku wa manane. Kutoa sita ni hesabu tunayoifanya tangu utoto bila kujua kwamba ni hesabu, tatizo ni kwamba kidole hakikusoma darasa hilo. Mtu ana kikao saa tatu, kidole kinaandika 3:00 kwenye kalenda, na saa tisa za usiku kengele inaamsha nyumba nzima pamoja na jogoo wa jirani, ambaye anaona ameporwa kazi.

Hata hivyo, saa inakosea siku tu. Kibodi inakukosea jina. Herufi iliyochorwa juu ya kitufe ni pambo. Inayotoka kwenye skrini ni ile uliyoikubali kwenye mipangilio, na orodha ya mipangilio hupenda kukupokea kwa Kiingereza cha Marekani. Nunua mashine iliyotoka Ujerumani, ambako Z na Y zimebadilishana viti, uiache kwenye mpangilio huo wa Kimarekani, na Zawadi Yusufu atajisajili kuwa Yawadi Zusufu. Nunua iliyotoka Ufaransa au Ubelgiji, ambako A inakalia kiti cha Q na M imejibanza kuliani mwa L, na barua yako kwenda Bujumbura itakwenda Buju;burq. Hizi mbili angalau zina ustaarabu wa kukosea hadharani. Iliyotoka Uingereza ni hatari zaidi kwa sababu inafanana na ya Marekani kama pacha: herufi zote ziko mahali pake, isipokuwa alama chache, na kati ya hizo @ na alama za kunukuu zimebadilishana. Nenosiri lako lina @. Unaliandika, nalo limefunikwa na vitone vyeusi ili mwizi asilione, na kwa kuwa wewe pia hulioni, unakataliwa. Unalirudia polepole. Unalirudia kwa hasira. Unamwita mtoto wa darasa la sita umhoji ni nani aliyebadili nenosiri la mzazi wake, na mtoto, kwa kuwa amewahi kucheza gemu humo bila ruhusa, anajikuta anakiri kosa ambalo hakulitenda.

Kuna pia kile kisa cha kitufe cha NumLock, ambacho nakipenda kwa sababu kimewalipia mafundi ada za shule. Kompyuta ndogo za zamani zisizo na safu ya tarakimu upande wa kulia zilizificha tarakimu hizo chini ya herufi: U ni 4, J ni 1, M ni 0. Ndani ya ile programu ndogo iliyokaa kwenye ubao wa mashine na kuamka kabla ya Windows, mafundi huiita bayosi, baadhi zilikuwa na mstari unaouliza kama NumLock iwake au ilale mashine inapoanza. Ikiwashwa, Juma anaandika jina lake na skrini inamwita 140a. Musa anakuwa 04sa. Kibodi nzima isiyo na kosa inang'olewa, inanunuliwa nyingine, inafungwa, na Juma anaendelea kuwa 140a, tena sasa akiwa na deni.

Habari ya karatasi nitaipita haraka. Marekani hutumia karatasi iitwayo Letter, milimita 216 kwa 279; sisi na sehemu kubwa ya dunia tunatumia A4, 210 kwa 297. Ukikubali kuwa Mmarekani siku ya kwanza, umekubali na karatasi yake, na ndiyo maana kwenye maduka ya kutoa kopi unaona watu wamezunguka printa inayong'ang'ania karatasi ambayo haijawahi kuingia katika duka lile. Umekubali pia kwamba 4/5 ni tarehe tano Aprili. Mialiko ya harusi imeshasahihishwa kwa kalamu kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni kwamba haya ni mambo ya fundi. Kila mtu na kazi yake; hatuendi kwa daktari tukiwa tumeshajipasua. Nakubali, ila tuangalie fundi anaitwaje kazini. Mteja anafika kibandani na kusema, "Fundi, mashine ina virusi." Hajasema saa inarudi nyuma, wala kwamba jina lake linatoka tarakimu, ametaja ugonjwa, ameficha dalili. Fundi, ambaye ana mashine nyingine nane mezani na kodi ya kibanda wiki ijayo, anajibu, "Usijali bosi wangu, tunapiga Windows upya, jioni unakuja kuchukua." Na kupiga Windows kweli kunafuta diski. Lakini saa, NumLock na mpangilio wa nini kisomwe kwanza haviko kwenye diski. Viko kwenye ubao, na diski unaweza kuifuta hadi ing'ae bila ubao kupata habari. Ni kama kupaka nyumba rangi kwa sababu bomba la mtaa limekauka. Zaidi ya hapo, Windows mpya inakuja na majibu yake ya kuzaliwa nayo: Kiingereza cha Marekani, kibodi ya Marekani, na mara nyingi saa ya pwani ya magharibi ya Marekani, yaliko makao ya Microsoft. Mteja aliyepeleka mashine iliyo nyuma kwa saa tatu anarudishiwa iliyo nyuma kwa saa kumi au kumi na moja, kutegemea kama Wamarekani wamesogeza saa yao; yeye yuko asubuhi saa tatu, mashine iko jana usiku. Amelipia safari hiyo kwa fedha taslimu. Fundi hana hatia: ameulizwa swali moja na amejibu hilohilo.

Hapohapo kibandani kuna mchezo mwingine wa bure. Ili kupiga Windows, fundi huiambia bayosi isome flashi kwanza kabla ya diski, na akisahau kurudisha mpangilio huo, mashine inabaki na tabia ya kuangalia kila flashi iliyochomekwa kabla ya kuangalia akili yake yenyewe. Mwenyewe anaiwasha asubuhi akiwa ameacha flashi yenye nyimbo za kwaya. Mashine inaisoma, inakuta kwaya, haikuti mfumo wa uendeshaji, na kwenye mashine kadhaa inasimama hapo na kutangaza kwamba hakuna mfumo wowote humu ndani. Diski iko nusu mkono kutoka hapo, nzima, ina kila kitu. Ukitaka kujua mtu ana imani kiasi gani, mtazame dakika hiyo.

Wengine watasema kwamba ninapigana na mizimu: mashine za kisasa zinajua mahali zilipo, zinajipanga, hazimuulizi mtu. Ningefurahi kukubali. Lakini mashine inapoacha kuuliza haijaacha kuamua. Imeamua peke yake na ikakaa kimya. Chukua kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua Zima, kwa kawaida mashine haizimi yote: inakilaza kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho iamke haraka. Anayetaka izime kwelikweli kwa kawaida huambiwa achague Anzisha upya, yaani ili ife vizuri uiambie iwake. Kiswahili kililiona hili kabla ya Microsoft, maana taa ikifa tunasema imezima, na mgonjwa akipona tunasema ni mzima. Lakini mtu aliyeambiwa na fundi "izime halafu uiwashe" ameizima mara kumi na saba, na ile hitilafu imelala na kuamka naye mara kumi na saba, ikiwa nzima.

Au chukua bando. Windows ikiunganishwa na Wi-Fi huchukulia kwa kawaida kwamba nyuma yake kuna waya mnene usio na mwisho, kama uliopo ofisini kwa walioitengeneza. Haijui kwamba hiyo Wi-Fi ni simu iliyowekwa dirishani ili ishike mnara, yenye bando la wiki lililonunuliwa kwa kubana matumizi ya nyama. Inaanza kushusha masasisho kwa furaha, na ndani ya saa moja bando la wiki limekuwa bando la saa moja. Upo mpangilio wa kuiambia kwamba muunganisho huu unapimwa. Ni swichi moja, kwenye ukurasa wa mtandao huo, na ukiiwasha masasisho mengi yanasubiri. Mashine yenye uwezo wa kutambua uso wako gizani haikuuliza kama unalipia kwa kipimo. Halafu kuna wale waliouziwa kompyuta nyingine kwa sababu Windows 11 ilikataa kuingia ikidai kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, ilhali kwenye baadhi ya mashine hizo kifaa hicho kilikuwamo kimelala ndani ya bayosi, kinasubiri mtu aje akiamshe. Msaada kwa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kukubali kwamba mashine imezeeka bila kwanza kufungua ukurasa mmoja wa mipangilio ni kumzika mtu kwa sababu hakuitikia hodi.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la hatari: ukigusa bayosi, utaua mashine. Lina ukweli ndani yake, na mwenye kuwahimiza watu waingie humo bila kuutaja atakuwa anatafuta lawama. Kubadilisha programu yenyewe ya bayosi umeme ukakatika katikati kunaweza kuiacha mashine ikiwa sinia. Kubadili namna diski inavyozungumza na ubao kunaweza kuifanya Windows ishindwe kuamka hadi urudishe ulivyokuta. Na kwenye mashine ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker, mabadiliko fulani huishtua, ikadai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Tokeni ya umeme ina 20, na hiyo tunaiingiza kwa kukosea mara mbili huku mtu mwingine akitushikia tochi. Wapo hata virusi halisi waliolenga hapo: CIH, aliyelipuka tarehe 26 Aprili 1999, aliweza kufuta bayosi za mashine na kuziacha bubu. Lakini angalia tunachokiogopa na tusichokiogopa. Kurekebisha tarehe hakuui kitu. Kulaza NumLock hakuui kitu. Kuchagua diski itangulie flashi hakuui kitu, na kurasa nyingi za bayosi zina kitufe cha kurudisha kila kitu kilivyotoka kiwandani, na kingine cha kutoka bila kuhifadhi, mlango wa nyuma kwa aliyeingia nyumba isiyo yake. Watu hawa hawa wanaotetemeka mbele ya ukurasa wa bluu wenye saa na tarehe ndio wanaopokea flashi ya mtu wasiyemjua na kufungua kila faili lililomo ili waone kuna nini.

Linabaki la lugha. Maswali yanakuja kwa Kiingereza, tena cha kihandisi, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojibu asichokielewa. Kwa nusu ya hoja hiyo sina jibu. Lakini nusu ya pili haisimami, kwa kuwa Kiswahili kimo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulitoa programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwamo. Windows nayo ina Kiswahili chake cha kuchagua. Wenye lugha hatukukimbilia. Tulikuwa tunabishana kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na kama kinachopakatwa kiwe kompyuta mpakato au kipakatalishi, na mtu aliyeshinda mabishano hayo akarudi nyumbani kubonyeza "Next". Zaidi ya yote, mtu huyuhuyu husoma menyu ya kutuma pesa kwa simu neno kwa neno, kwa lugha yoyote itakayokuja, analinganisha jina la mpokeaji herufi kwa herufi na kushusha pumzi kabla ya namba ya siri. Kiingereza hakikumzuia. Pale hasara ni ya papo hapo na ina sura ya noti. Hapa swali linaulizwa Januari, hasara inakuja Machi, tena ikiwa imevaa nguo za mtu mwingine.

Waliotengeneza mashine nao wana sehemu yao, na sitaificha ili nionekane mkali kwa wenzangu peke yao. Mlango wa kuingia kwenye bayosi hauna anwani moja. Kwa Dell ni F2. Kwa HP mara nyingi ni Esc kisha F10. Kwa Lenovo ni F1 au F2, kutegemea ukoo, na baadhi ya mashine zake zina kitundu cha ubavuni cha kuchokonoa kwa pini ile ya kutolea laini ya simu. Kwingine ni Delete. Maandishi ya kukuambia ni kipi, kama yapo, yanapita kwa sekunde moja au mbili, kwa kijivu, chini ya nembo kubwa ya kampuni, na mashine yenye kuamka haraka haiyaonyeshi kabisa. Lile la F1 la kuendelea bila kurekebisha chochote, lenyewe, linasubiri. Unaweza kwenda kunywa chai, kwenda msibani, ukarudi, ukalikuta limesimama palepale. Kwa hiyo ukimkuta jirani asubuhi, mashine ndiyo kwanza inawaka, naye ameinama juu yake anagonga F2 mfululizo kwa kidole kimoja kama mtu anayejikuna, usimwite fundi na usimletee flashi ya kuua virusi. Ameiwasha, nayo imemwasha.